Leokadia wa Kwaya ya Ijumaa

Wiki iliyopita mvua ilimnyeshea binti yangu njiani akitoka shule. Nikamvua sweta, nikaitundika kwenye kiti karibu na jiko la mkaa, nikaendelea kukata vitunguu. Haukupita muda jikoni pakajaa harufu ambayo sikuwa nimeinusa miaka mingi, ile ya sufu iliyoloa inayokauka polepole, iliyochanganyika na moshi kidogo na jasho la mtoto. Nikaweka kisu chini. Binti yangu akaniuliza kama ni vitunguu vinavyoniliza. Nikamwambia ndiyo, ni vitunguu. Lakini mimi nilikuwa nimesharudi juu kwenye uwanda wa Ufipa, asubuhi ya mwezi wa sita, ukungu umelala chini hadi miguu ya watu haionekani, na kundi la watoto wa sweta za kijani wanakwenda shule kama vichwa vinavyoelea.

Shule yetu ya sekondari ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu akikohoa kidato cha nne, kidato cha kwanza walisikia. Ilisimama peke yake kwenye nyasi, upande wa Mollo, bila kilima wala msitu wa kuikinga. Upepo ulipita madirishani ukitoka mbali, nasi tulizoea kusoma huku tumekalia mikono yetu. Ijumaa mchana, baada ya usafi, ratiba ya ubaoni ilikuwa na neno moja tu: KLABU. Kulikuwa na klabu ya mdahalo, klabu ya mazingira, skauti, netiboli na kwaya. Ukisikia hivyo utadhani tulikuwa wengi, kumbe wanachama tulikuwa walewale, tulibadilisha viti tu. Ponsiano, mwenyekiti wa mdahalo, ndiye aliyekuwa katibu wa mazingira na ndiye aliyeimba besi kwenye kwaya. Alikuwa kijana mpole mwenye shingo ndefu, na alianza maneno yake kwa "mheshimiwa mwenyekiti" hata alipokuwa anaomba chumvi.

Kwaya ndiyo iliyokuwa yangu. Mlezi wetu alikuwa Mwalimu Asajile, mwalimu wa hisabati aliyetoka Mbeya. Alikuwa na kinanda kidogo alichokibeba kwenye pikipiki kikiwa kimefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Pale shuleni alikiunganisha na betri ya sola. Alipobonyeza kitufe cha kwanza na sauti ikatoka, mimi nilihisi darasa linanyanyuka kidogo kutoka ardhini. Sijui kama nitaweza kulieleza vizuri. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anaamini kabisa kwamba akiimba vizuri, hata mbali watamsikia, na kwamba kuna mahali maisha yake yanamsubiri yaanze.

Leokadia alikuja tukiwa kidato cha pili. Alitokea Muze, kule chini bondeni, kunakolimwa mpunga na kunakoletwa samaki wa Ziwa Rukwa. Alikuja kuishi na bibi yake kijijini kwetu, na siku ya kwanza alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na masikioni alitia pamba. Alikuwa mrefu kuliko sisi wote, mwenye macho makubwa yanayokutazama mdomoni unapozungumza, mpaka unahisi labda una makombo.

"Pamba za nini?" nilimuuliza.

"Upepo wa kwenu mkali," akasema.

Nyumba zetu zilikuwa upande mmoja wa kijiji, hivyo tukawa tunakwenda shule pamoja, mwendo wa nusu saa. Njiani alinisimulia habari za Muze. Alisema kule mtu analala bila shuka, na asubuhi ukiinua macho unauona ukingo wa uwanda juu kama ukuta, na mawingu yamekaa juu yake. Alipokuwa mdogo aliamini kwamba sisi wa juu tunaishi ndani ya mawingu. Nilipenda sana kusikia hivyo. Tangu siku ile nikawa naona ukungu wa asubuhi kwa macho ya mtu aliye chini.

Alikuwa na mambo yake. Lazima atembee kuliani kwangu. Nikimpa upande mwingine atanizunguka, bila kusema neno, hadi arudi palepale. Wakati wa kwenda, upande wa kulia ndio uliokuwa laini, nami nikajiambia huyu ni mtu wa kupenda vizuri. Wakati wa kurudi upande huohuo ulikuwa wa mawe, na bado aliuchagua. Hilo sikulitia akilini. Mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi, hakuja shule. Alikwenda mjini Sumbawanga na bibi yake. Kesho yake nilimuuliza alikuwa wapi, naye alijibu, "Mjini," basi. Nilimwazia akitembea Katandala madukani, anakula chipsi, anachagua viatu. Nilimwonea wivu mtamu, wa kirafiki.

Na kwenye kwaya alikuwa na jambo jingine. Kwa urefu wake alisimama mstari wa nyuma, nyuma yangu hasa. Kila tukianza kuimba aliweka kiganja chake mgongoni kwangu, katikati ya mabega, juu ya sweta. Hakusukuma wala hakubinya. Kilikaa tu pale, na baridi ile kilikuwa na joto zuri. Nilidhani ndivyo watu wa Muze wanavyoimba. Leokadia alikuwa na sauti nzito ya chini, yenye chembechembe kama unga wa ulezi, na iliniingia kupitia mgongoni kabla sijaisikia masikioni.

Muhula wa pili Mwalimu Asajile alitangaza kwamba tutakwenda mjini kwenye mashindano ya kwaya za shule. Kwa shule yetu lilikuwa jambo kubwa. Hatukuwa na basi, na hatukuwahi kwenda kushindana popote. Alitunga wimbo yeye mwenyewe, kuhusu upepo unaopita mashambani ukimtafuta mtu aliyeuita. Kisha akanichagua mimi kuongoza sauti ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Nilianza kujiona. Siku moja Fortunata, msichana wa mstari wetu aliyekuwa hodari wa kuchekesha watu, akasema mbele ya wote, "Jamani, Oliva kiongozi wetu ana mtoto mgongoni. Tutamnunulia kanga ya kumbebea." Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini uso uliniwaka. Wimbo ulipoanza tena na kile kiganja kikatua mgongoni, nikatikisa bega. Kikaondoka. Baada ya muda kikarudi, kwa woga, vidole vitatu tu. Nikatikisa tena.

"Usinishike," nilimwambia, nikigeuka nusu. "Nashindwa kuimba."

Akanitazama mdomoni, akatikisa kichwa kukubali.

Tangu siku hiyo Leokadia akaanza kuharibu wimbo. Aliingia akiwa amechelewa, au alianza kabla ya wenzake. Tulipotakiwa kushusha sauti, ya kwake ilibaki juu peke yake, nzito, kama mtu aliyeachwa amesimama katikati ya uwanja. Mwalimu alipiga makofi, tukarudia. Tukarudia tena. Nilimwita njiani hakuitika. Nilimsalimia kwa nyuma, "Mambo?" akaendelea kutembea. Fortunata akasema, "Yule amekutilia pamba masikioni, tena za kweli." Maneno hayo yakanikaa. Nikaamini kabisa kwamba ana kinyongo na uongozi wangu, na kwamba anafanya makusudi ili nishindwe mbele ya shule za mjini.

Ijumaa moja Mwalimu Asajile alizima kinanda katikati ya ubeti. Akauliza kwa utulivu, "Nani anatupotezea mpigo?"

Watu wakaangalia chini. Leokadia alikuwa anamtazama mwalimu kwa bidii, mdomo wazi kidogo. Mimi ndiye niliyesema.

"Ni Leokadia, mwalimu. Anafanya makusudi."

Mwalimu alimwambia akae pembeni kwanza, atarudi tukishamaliza mashindano. Leokadia hakuondoka mara moja. Alitazama nyuso zetu moja baada ya nyingine, na alipofika kwangu akabaki hapo. Halafu akachukua daftari lake, akatoka. Wimbo ukanyooka. Tuliimba kama maji, na mgongo wangu ulikuwa na baridi.

Ijumaa zilizofuata nilimwona kupitia dirishani akiwa na klabu ya mazingira. Walikuwa wamepanda misonobari midogo kuzunguka uwanja ili siku moja izuie upepo, na yeye alipita na ndoo kutoka mche mmoja hadi mwingine, sketi ikimpiga miguuni, mgongo ameupa darasa letu. Alikuwa mbali, na jua la saa tisa lilikuwa jembamba, na nikimkumbuka sasa namwona kama mtu anayetembea ndani ya kioo. Njiani tulikuwa hatuongozani tena.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya mashindano, nilikuta daftari lake la Baiolojia mkobani mwangu, limechanganyika na yangu darasani. Mama akanituma nilirudishe siku hiyohiyo. Nilimkuta bibi yake barazani, amekaa juani, anapepeta maharage kwenye ungo. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, aliyezungumza Kiswahili chake kwa kusita, akitafuta maneno katikati ya Kifipa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Yupo nyuma ya nyumba, anapalilia. Ukifika usimwite. Zunguka mpaka mbele akuone."

Nikasimama. "Kwa nini nisimwite?"

Bibi aliacha kupepeta. "Si mnasoma wote? Sikio la kulia lilikufa tangu mdogo, lilikuwa linatoa usaha. La kushoto ndilo tunalolihangaikia. Kila mwezi nampeleka hospitali mjini, lakini naona nalo linaondoka. Upepo unampa maumivu." Akanitazama vizuri, kisha uso wake ukafunguka. "Wewe ndiye Oliva? Basi ni wewe. Aliniambia yupo mwenzake kwaya, yeye akishika mgongo wake anausikia wimbo wote. Anajua wapi mtu anavuta pumzi, wapi anaanza. Nilimwambia huyo ni wa kumshika sana."

Nakumbuka maharage kwenye ungo, mekundu yenye madoa, na jinsi nilivyoyakodolea macho hadi yakawa hayana umbo. Alhamisi za mjini. Upande wa kulia wa njia. Yale macho mdomoni mwangu. Kila kitu kilikuwa mbele yangu miezi yote ile, na mimi nilikisoma kinyume, kwa kujiamini kabisa.

Nilizunguka nyumba. Leokadia alikuwa ameinama kwenye tuta, na nilipita mbali hadi nikatokea mbele yake. Akanyooka na jembe mkononi. Nikampa daftari. Nikasema, taratibu, ili aone kila neno, "Bibi ameniambia."

Uso wake ukajifunga. "Ameniharibia," akasema.

"Kwa nini hukuniambia? Nisingesema vile kwa mwalimu."

Alisugua udongo kwenye mpini wa jembe kwa kidole gumba, muda mrefu. "Wote wanaojua wananipigia kelele wakizungumza," akasema. "Au wanaacha kuzungumza. Wewe ulikuwa unaniongelesha tu. Ukiwa na mimi njiani nilikuwa mtu anayesikia."

Nilianza kulia. Yeye hakulia, wala hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kama mtu anavyongoja mvua ipungue ili aendelee na kazi. Kisha akasema kwamba nisimwambie yeyote. Shuleni wakijua, watasema aende shule ya viziwi mbali, na bibi atabaki peke yake.

"Nitakurudisha kwenye kwaya," nilimwambia.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia kosa ni langu. Si ndivyo ilivyo?"

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Asajile. Nilimwambia kwamba Leokadia hakufanya makusudi, bali mimi nilikuwa namsukuma wakati wa kuimba kwa sababu sikupenda asimame nyuma yangu. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari. Akaweka kalamu nyekundu mezani, akaniuliza kama ninajua kwamba kwa kusema hivyo ninaweza kupoteza nafasi ya kuongoza. Nikamwambia najua. Akatazama dirishani upepo unavyopiga nyasi. "Mwite mwenzako," akasema. "Na wewe endelea kuongoza, lakini Ijumaa utawaambia wenzako hayo uliyoniambia mimi."

Niliwaambia. Fortunata hakucheka. Ponsiano alisema, "Mheshimiwa mwenyekiti, naunga mkono," na wimbo ulipoanza kile kiganja kikatua mahali pake, na nilisimama wima kama mti ili kisiteleze.

Siku ya mashindano tulipanda lori la mahindi lililoazimwa kwa ajili yetu. Tulisimama tumeshikana, makapi yakitupeperukia nyweleni, na uwanda ulipita pande zote mbili, wa dhahabu, usio na mwisho. Ukumbi wa mjini ulikuwa na mapazia mekundu na spika mbili kubwa kuliko mlango wa nyumbani kwetu. Shule nyingine zilivaa majoho. Sisi tulikuwa na sweta zetu. Zamu yetu ilipofika, Mwalimu Asajile aliunganisha kinanda na umeme wa ukumbi, akatutazama, akaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katikati ya wa pili umeme ukakatika. Sauti ya kinanda ilikatwa kama uzi, ukumbi ukawa wa kijivu, na kwaya ikaanza kuporomoka. Nilisikia besi ya Ponsiano ikinyamaza, kisha sauti ya tatu, kisha Fortunata pembeni yangu. Nilitaka kunyamaza na mimi. Lakini nyuma yangu sauti ya Leokadia iliendelea, nzito, pana, bila kusita hata kidogo, na kiganja chake kilikuwa mgongoni kwangu. Nikafikiri, hajui. Hajui kwamba kinanda kimekufa na kwamba watu wamenyamaza. Nikinyamaza ataimba peke yake mbele ya ukumbi mzima, na watamcheka. Kwa hiyo niliimba. Miguu ilitetemeka lakini niliimba, sauti mbili tu, ya kwangu juu na ya kwake chini, na katikati yake nafasi kubwa iliyo wazi ambamo niliweza kusikia upepo ukigonga bati la ukumbi. Ubeti mzima ulikwenda hivyo. Kisha Ponsiano akarudi, wengine wakafuata, tukamaliza.

Tulishika nafasi ya nne kati ya shule sita. Majaji walisema tulipoteza mpangilio. Kwenye lori, wakati wa kurudi, Leokadia aliniuliza kama kinanda kilisikika vizuri kwenye zile spika kubwa. Nikamtazama usoni. Nikamwambia, "Kilisikika vizuri sana." Akatabasamu, akageukia upepo.

Kidato cha tatu hakukianza pamoja nasi. Sikio la kushoto liliziba kabisa wakati wa likizo, naye mwenyewe ndiye aliyemwambia mwalimu mkuu. Alipelekwa shule ya viziwi mkoa mwingine, na bibi akashuka Muze kuishi kwa mama yake Leokadia. Sikumuaga. Nilikuja kupata namba yake ukubwani tu. Ana karakana ya kushona palepale Muze, ana watoto wawili, na tunaandikiana kwa simu, ambako kusikia si kitu.

Juzi, baada ya ile sweta ya binti yangu, niliamua kumwambia. Niliandika ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika tena. Nilimweleza kwamba siku ile kinanda kilizimika, kwamba kwaya nzima ilinyamaza, kwamba nilimdanganya kwenye lori kwa sababu sikutaka ajue kwamba aliimba karibu peke yake. Nikamwomba anisamehe na hilo pia. Nikakaa na simu mkononi, nikiona kwamba anaandika, ameacha, anaandika.

"Oliva," jibu likaja, "nilikuwa mrefu kuliko wote, nilimwona mwalimu akitoa mikono kwenye kinanda, na kwenye lori nilikuuliza makusudi tu. Niliona midomo ya wenzetu wa pembeni ikifungwa. Na mimi nilitaka kunyamaza. Lakini mgongo wako ulianza kutetemeka, nikaona nikikuacha utaanguka."